Mkia wa Neno

Mama mkwe wangu, Armgarð, hajawahi kumfundisha mtu sarufi.
Alikuwa akinionyesha tu, kisu mkononi,
mle ndani ya kibanda cha mbao chenye nyufa za makusudi
ambamo upepo wa Skálavík hukausha nyama ya kondoo
pasipo chumvi wala moshi.
"Hiki," akasema, "drunnur."
Kipande cha mkia.
Nikaliandika kiganjani, maana daftari lilikuwa limelowa.

Kwetu neno hubadilika kichwani.
Mtu akizidi huwa watu, kitu huwa vitu;
unalivua neno kofia, unalivisha nyingine.
Huku kichwa hakiguswi. Ni mkia unaotikisika.
Siku ikisimama yenyewe ni dagur.
Ukiipoteza, umepoteza dag.
Ukitoka ndani yake, umetoka katika degi,
na hapo hata irabu ya tumboni imegeuka
kama uso wa mtu aliyepokea habari.
Ikiwa na chake: dags.

Brandur, mume wangu, ana kitabu.
Kinasema wanaume walitoka mashariki, Norwei,
na wanawake wengi walitoka kusini,
Ayalandi na visiwa vya Uskoti.
Hakisemi kama waliulizwa.
Maneno waliyokuja nayo yanahesabika:
bata, fahali, mtindi,
kiganja cha sili, malisho ya mlimani, na huo mkia.
Dunna. Tarvur. Blak. Lámur. Ærgi. Drunnur.
Hakuna hata moja la upanga. Hakuna la baraza.
Ni maneno ya mtu mwenye ndoo mkononi
anayemwita mnyama kwa lugha ya mamake
kwa sababu mnyama hajali.
Mengine yakashonewa ncha za wenyeji, -ur, -ur,
yakakaa jikoni miaka elfu na zaidi.

Mimi naitwa Zuhura.
Nikitenda jambo, sawa, ni Zuhura.
Lakini jirani amemwona Zuhuru,
ametoka kwa Zuhuru, anamngoja Zuhuru.
Wiki ya kwanza nilidhani wanakosea.
Niliwasahihisha dukani, mmoja mmoja, kwa adabu,
hadi muuza siagi akaniuliza kama naumwa.

Februari, Oddur aliingia kibandani
na hakutoka kwa miguu yake.
Oddur aliingia; waliyembeba alikuwa Odd.
Kutoka kwa Oddi tulipata mashua, deni dogo,
na sweta iliyofumuka kiwiko.
Ile sura ya nne, Odds, sura ya kumiliki,
Armgarð alisema midomo imeiacha.
Itafute kwenye majina ya ukoo, na kwenye ramani:
Tórshavn, bandari ya Tór.
Mungu asiyesujudiwa na yeyote
bado ana herufi yake na gati lake.

Sisi wengine tumeachiwa hjá.
Báturin hjá Oddi:
mashua iliyo kwa Oddi, iliyo kando yake.
Nikacheka. Msibani, aibu yangu, nikacheka,
ikabidi nimweleze mjane, kwa lugha yangu ya kuchechemea,
kwamba nasi hatumiliki kitu.
Nina mashua: mimi na mashua, basi,
tumekaa pamoja.
Akafikiri kitambo, kikombe kimepoa.
"Basi bado iko naye," akasema,
akavaa buti, akaenda kuifunga turubai.

Haijauzwa. Brandur ameacha kuuliza.

Jana asubuhi nilikuwa ngazini, bado na soksi,
nikamsikia akimkaripia mwanawe jikoni:
"Rudisha hicho! Koppurin hjá Zuhuru."
Kikombe cha bluu, kile chenye ufa.
Hakuna aliyeniuliza.
Nilikaa kwenye ngazi kidogo,
nikipapasa mwisho wa jina langu
ilikopita sindano.